Kofia ya Kamanda

Nilizaliwa na mkono mwepesi. Mama alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni bila haya, na mimi sikuwahi kumbishia, maana alisema kweli. Darasa la tano nilimtoa mwenzangu jino kwa kunisukuma kwenye foleni ya bomba. Chuoni, nikiwa mtu mzima mwenye shahada ya kwanza, nilimzaba kofi mwanafunzi wa sheria aliyetangaza kantini kwamba mwanamke anayesoma shahada ya pili amekosa mume wa kwanza. Alikuwa mrefu, ilinibidi niruke. Niliitwa, nikaonywa, nikaandika barua ya kuomba radhi ambayo radhi yenyewe haikuwamo hata chembe.

Kwa hiyo mwalimu wetu wa mbinu za utafiti aliposema kwamba mtafiti akiwa uwandani haingilii, anatazama na kuandika tu, darasa zima liligeuka kunitazama mimi. Wakacheka. Mwalimu naye akatabasamu. Akasema hata watu wakipigana mbele yako, kazi yako ni kutazama saa na kuandika nani alianza. Niliyaandika maneno yale, nikayapigia mstari, nikaapa moyoni kwamba hawa watu nitawaonyesha.

Mada yangu ilikuwa utani. Mimi ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka kutoka Tabora na pembe za ndovu mabegani hadi pwani. Walipofika kwetu walipigana na babu zetu, wakauana, kisha wakachoka kuuana wakawa watani. Mpagazi akifa kwetu, babu zetu ndio waliomzika. Mtani wako anaweza kukutukania ukoo mzima, anaweza kukuchukulia kuku bandani mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, mtani ndiye anayeshika jembe akachimba kaburi, ndiye anayemwigiza marehemu mbele ya wafiwa mpaka wacheke huku wanalia. Vitabu nilivyosoma vilisema kwamba utani ni mlango wa kutolea hasira bila damu. Nikaimeza nadharia ile nzimanzima. Tasnifu yangu ingeonyesha kwamba hata kazi ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa ingeweza kufanyika kwa utani, bila nguvu. Nilikuwa naupenda ujamaa, nisikudanganye. Niliuimba, niliulima, niliuota.

Nikapanda treni hadi Tabora, nikapewa kibali chenye mihuri miwili, nikapanga chumba Mtendeni katika nyumba ya familia ya Kiarabu ya wafanyabiashara wa nguo. Hapo Mtendeni palikuwa na mgahawa, na asubuhi ya tatu nikaona jambo lililonifanya nisahau chai yangu mpaka ikapoa. Aliingia kamanda wa mgambo wa tarafa mojawapo upande wa Sikonge, mtu wa kwetu Kisarawe, Mzaramo kama mimi, kifua mbele, kofia ya kaki kichwani. Muuza chai, Mnyamwezi, akamwendea akamvua ile kofia, akaivaa mwenyewe, akaendelea kuhudumia wateja nayo. Kamanda hakukasirika. Alimwambia kwamba babu yake alizikwa na Wazaramo katika mkeka uliotoboka, miguu ikabaki nje. Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Kofia ilirudishwa baada ya saa nzima, imelowa jasho la mtu mwingine, na kamanda akaivaa hivyo hivyo.

Nikaandika: kamanda anaheshimu utani. Mtu mmoja, kofia moja, asubuhi moja. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba sampuli ya mtu mmoja si sampuli, na kwenye mtihani swali hilo nililipata.

Wenyeji wangu niliwapata katika kitongoji kilichokuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka barabara ya Sikonge, pembeni mwa ile njia ya zamani ya misafara. Alikuwa mzee mrina asali na mkewe. Mzee alikuwa na kadi ya chama tangu kabla ya uhuru, aliihifadhi ndani ya kibuyu ili mchwa wasiile. Siku niliyofika, aliposikia mimi ni Mzaramo, hakunijibu hata salamu. Alinivua kiatu kimoja, akakitupa juu ya paa, akaniambia nimshukuru, maana Wazaramo kabla ya Wanyamwezi kuwafikia hawakuwa wanajua kwamba mguu unavaa kitu. Nikamnyang'anya kigoda chake nikakikalia wiki nzima. Tulipendana palepale. Mimi nilimwita mtani, yeye aliniita mtani. Mkewe nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, akaitika marahaba, halafu ndipo tukaanza kutukanana. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mgumu, akimenya karanga huku anakutazama usoni bila kuangalia vidole.

Nyuma ya nyumba palikuwa na makaburi matatu madogo yaliyozungushiwa mawe. Watoto wao, surua iliwachukua katika masika moja. Mzee hakuwa na ugomvi na ujamaa. Alikuwa na ombi moja tu, na alilisema kwa kila aliyepita: yeye na mkewe waachwe pale walipo, karibu na wale watatu. Angelima shamba la kijiji, angetembea kwa miguu asubuhi na jioni, angetoa asali. Ila alale pale.

Amri ilikuwa imetoka kwamba watu wote wa vitongoji wahamie kijiji kipya kando ya barabara kabla ya mvua. Redioni walisema watu waelimishwe. Huku tarafani wakubwa walikuwa wanashindana nani atajaza kijiji chake kwanza, na elimu waliiona inachelewesha. Mwezi wa kwanza nilishuhudia kitongoji cha jirani kikivunjwa. Mgambo walipanda juu ya paa wakaanza kung'oa nyasi na watu wakiwa ndani, miti ikawaangukia. Mwanamume mmoja aliyeshika mlango wake alipigwa kibao cha sikio, damu ikamtoka sikioni ikashuka shingoni, naye akawa anauliza watu wanasema nini, wanasema nini. Mjamzito alivutwa kwa mkono mpaka kwenye lori, khanga ikabaki njiani. Mbuzi waliokuwa wamefungwa walikatwa kwa shoka wakiwa wamesimama, na mgambo wakawachoma kwa miti ileile ya mapaa. Mimi nilikuwa nimesimama kando na daftari. Niliandika saa, niliandika idadi ya watu, niliandika nani alianza. Nikajisifu kwamba mkono wangu safari hii nimeuzuia.

Jioni ile mzee aliniuliza afanye nini. Aliniuliza kweli, bila utani, kama mtu anavyomuuliza mwenye elimu. Na mimi, kichwa kimevimba kwa nadharia, nilimjibu. Nilimwambia huyo kamanda ni Mzaramo, namjua, nimemwona kwa macho yangu. Asimpigie magoti. Akija, amtanie. Amvue kofia, aivae. Kamanda akicheka, hapohapo aombe anachotaka, na mtani hawezi kumnyima. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema kumbe shule si bure.

Mkewe hakucheka. Aliacha karanga, akaniambia maneno ambayo vitabu vyangu vyote havikuwa navyo.

"Utani ni wa watu wawili waliokaa chini. Huyo anakuja amesimama, na ana rungu."

Nikamwelewesha. Loo, nilimwelewesha! Nilimpa historia ya misafara kuanzia Ujiji hadi Bagamoyo. Akaguna, akarudi kwenye karanga zake.

Walikuja siku ya nne, saa tatu asubuhi, lori moja lenye mgambo wanane na nyuma yake Landrova. Ndani ya Landrova alikaa mkubwa mmoja kutoka juu, miwani myeusi, mlango ameuacha wazi, mguu mmoja nje. Kamanda alishuka lorini akaja uwanjani. Mimi nilikuwa chini ya ukingo wa paa, kalamu mkononi, na moyo unanidunda kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nilikuwa nakwenda kuona nadharia ikitembea kwa miguu.

Mzee alitoka amenyooka, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa alikuwa Mkristo wa Moraviani, aliipata kwa Mwarabu mmoja zamani akaipenda. Akamkaribisha kamanda kwa sauti ya kusikika mpaka lorini, akamuuliza Mzaramo leo kafuata nini, au pwani nazi zimekwisha. Mgambo wawili wakacheka. Nikaona pembe ya mdomo wa kamanda inainuka, wallahi niliiona, mpaka leo naweza kuapa. Alikuwa anataka kucheka. Mzee akanyoosha mkono, akamvua kofia, akaivaa.

Kisha kutoka ndani ya Landrova ikaja sauti ya taratibu, ya mtu asiye na haraka.

"Kamanda, huyo mzee amevaa nini?"

Uso wa kamanda ukafunga. Rungu lilipanda likashuka, likampata mzee juu ya sikio, na mlio wake haukuwa mkubwa, ulikuwa kama wa kupasua kibuyu kikavu. Kofia ikaruka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama saa. Nikaandika: saa tatu na dakika ishirini, kamanda.

Mzee alianguka kwa magoti. Alianza kupapasa vumbini, akaipata kofia, akamnyooshea mwenyewe. Alikuwa bado anatabasamu, damu inamwingia jichoni.

"Mtani, umezidisha," akasema.

Pigo la pili lilimpata shingoni akiwa amenyoosha ule mkono. Hapo sijui daftari lilikwenda wapi. Mchi ulikuwa umeegemea kinu, nikaushika kwa mikono miwili nikamshushia kamanda begani. Nilikusudia kichwa. Alipogeuka nikamrukia, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, nikamtukana kwa Kizaramo matusi ambayo si ya utani. Mgambo watatu walinibandua, mmoja akanikanyaga mgongo, uso wangu ukasuguliwa kwenye maganda ya karanga. Ningeuawa. Kilichoniokoa ni kile kibali cha utafiti. Mkubwa aliagiza mkoba wangu upekuliwe, akaisoma mihuri yote miwili bila kuvua miwani, akasema mtu wa chuo kikuu asiguswe, awekwe pembeni.

Nikawekwa pembeni. Na kamanda, ambaye sasa alikuwa amepigwa na mwanamke mbele ya vijana wake na mbele ya mkubwa wake, hasira yake ilitaka pa kwenda. Ilikwenda kwa mzee. Alimpiga kwa buti. Mbavuni, tumboni, mbavuni tena, akihema kama mtu anayepasua kuni. Nilipiga kelele kwamba ni mimi, ni mimi niliyempiga, anipige mimi. Mke wa mzee alimlalia mumewe juu, akapigwa teke moja la mgongo, hakuondoka. Ndipo kamanda akaacha. Wakang'oa paa, wakapakia mtama na vyungu, na mkubwa akasema hawa wawili watafuatwa mzee akiweza kusimama. Wakaondoka. Wala hapakuwa na haja ya kuandika daftarini nani alianza. Nilianza mimi.

Asubuhi yake majirani wanne waliokuwa bado wamejificha porini walitoka, tukamlaza mzee kitandani, wakakibeba kitanda mabegani kuelekea barabarani, tukapate lori la tumbaku la kumpeleka hospitali Kitete. Tumbo lilikuwa limevimba na limekuwa gumu. Alikuwa anasema na nyuki wake kwa Kinyamwezi, anawataja kwa majina ya mizinga yao, mmoja mmoja. Nusu ya njia akili ilimrudi. Akamshika mkewe mkono akauliza tunakwenda wapi. Alipoambiwa, akasema neno moja tu, turudi. Wabebaji wakasimama, wakamtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi, na mimi nikasema twende, daktari yupo, twende haraka. Tukaenda. Hatukufika barabarani. Alikata roho juani, vichwa vya wabebaji vikiwa vimeloa jasho, na mkewe akasema bila kulia kwamba basi sasa geuzeni.

Habari ya kifo husafiri haraka kuliko baiskeli. Kesho yake uwanja ulijaa, hata wale waliokwisha hamishwa walitoroka kijijini wakaja, wanaume wamekaa upande wa mizinga, wanawake wameuzunguka ukuta usio na paa. Tulikuwa tunasubiri wachimbaji. Ndipo alipotokea kamanda, na vijana wawili, mkono umefungwa kitambaa pale nilipomng'ata. Alikuwa ametumwa. Alisema kwa sauti ya kusoma kwamba kitongoji hiki kimefungwa, hakuna maziko hapa, maiti ipelekwe kwenye makaburi ya kijiji kipya. Hakumtazama mtu.

Watu wakainamisha vichwa. Mimi mikono yangu nilikuwa nimeikalia kweli, chini ya mapaja. Nikaona bibi, mjane wa mzee, anainuka kwenye mkeka. Alikwenda jikoni, akachota majivu kiganjani, akamwendea kamanda polepole, akampaka usoni, paji la uso na mashavu yote mawili, kama anavyopakwa mtani anapofika msibani.

"Mtani wetu amefika," akawaambia watu. "Mleteeni jembe."

Zogo likaanzia kwa wanawake, vigelegele, halafu wanaume wakasimama, mtani, mtani amefika, jamani mtani! Watu wale walikuwa wamekaa kimya mbele ya rungu miezi miwili. Hawakuwa na silaha. Walichokuwa nacho ni mila, na sasa walikuwa wamemzunguka nayo mtu mmoja wa pwani ambaye alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mtani anayekataa jembe la mtani wake hana kabila tena. Hata kwao atazikwa na nani? Vijana wake wawili walirudi nyuma. Walikuwa Wanyamwezi. Kamanda alisimama na majivu yake usoni, kisha akavua shati la kaki.

Nikadhani yamekwisha. Bibi akageuka, akaja hadi nilipokaa, kiganja chake bado cheusi, akanipaka na mimi.

"Na wewe ni mtani," akasema.

Tulichimba pamoja, mimi na yule mtu, pembeni ya yale makaburi matatu ambapo bibi alionyesha kwa kidole cha mguu. Ardhi ya kiangazi ilikuwa kama saruji. Malengelenge yalipasuka kabla shimo halijafika magotini. Hatukusemezana mpaka tulipokuwa tumezama kifuani, watu hawatusikii. Akaniuliza kwa Kizaramo, akiwa ameinama.

"Ni wewe uliyemfundisha aivue?"

Nikasema ndiyo. Aliendelea kuchimba kidogo, kisha akasema kwamba pale Mtendeni, siku ile ya mgahawa, aliniona na daftari langu. Nilitaka nimchukie kwa moyo mmoja, ikashindikana, nikachimba.

Tulipotoka shimoni bibi alikuwa amesimama. Akasema mzee hakuwa mtu wa kuzikwa kimya, watani wamwigize. Desturi ndiyo hiyo, hakuna aliyeweza kusema sivyo. Akaamuru mimi niwe mzee. Kamanda awe kamanda. Akatwaa kofia ya kaki iliyokuwa juu ya shati, akamvisha, akamwekea rungu mkononi.

Nikamwigiza. Nilijua kutembea kwake, mgongo umenyooka, vidole vya miguu nje. Niliuliza Mzaramo leo kafuata nini, au pwani nazi zimekwisha, kwa sauti yake, na wafiwa wakacheka, wakacheka kabisa, na machozi yanawatoka. Nikanyoosha mkono, nikaivua kofia, nikaivaa. Kicheko kikakatika. Kamanda aliinua rungu, akanigusa nalo begani, kidogo tu, kama unavyomgusa mtoto.

"Sivyo," bibi akasema. "Nilikuwepo."

Kamanda akarudia, kwa nguvu kidogo. Sivyo, bibi akasema. Jasho lilikuwa linachora mistari kwenye majivu ya uso wa kamanda. Nikamwambia kwa Kizaramo apige, apige amalize. Akapiga. Mfupa wa mtulinga ulikatika, niliusikia kabla sijausikia uchungu wake, nikaenda chini kwa magoti, na bila kuelekezwa na mtu nikaanza kupapasa kofia vumbini kwa mkono uliobaki mzima. Nikamnyooshea. Nikasema yale maneno ya mzee, mtani, umezidisha.

Yeye akaliachia rungu likaanguka. Akakaa chini palepale, akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti kubwa, mwanamume mzima, mbele ya vijana wake.

"Hivyo," bibi akasema. Akawageukia watu. "Mmeona wote alivyokufa. Sasa mzikeni."

Tukamzika. Hakuna aliyeshtakiwa, na kesi haikufunguliwa popote, lakini tarafa nzima ilijua, maana ilionyeshwa. Wiki ileile lori lilirudi na bibi akapanda mwenyewe, bila kusukumwa, amejifunga kibuyu cha ile kadi mgongoni. Kuta zilichomwa. Kaburi hawakuligusa. Kamanda sikumwona tena, nilisikia aliomba ahamishwe, sikuuliza wapi.

Chuoni niliandika yote. Nilifuta ile sura ya mwisho ya kuishauri serikali itumie utani, nikaandika nyingine juu ya kile ambacho cheo humfanyia mtu anapotazamwa na cheo kikubwa zaidi, na juu ya ushauri wangu na matokeo yake. Msimamizi wangu aliisoma mara mbili. Alisema ni nzuri, ila kila penye neno mimi niweke mtafiti. Nikaweka. Kwa hiyo maktaba ina kitabu ambamo mtafiti alimshauri mzee, na mzee akafa, na huwezi kujua mtafiti huyo alikuwa na mkono mwepesi au mzito.

Miaka sita baadaye nilirudi. Bibi nilimkuta kijijini, nyumba ya mstari wa pili, macho yamefifia, mikono bado inamenya karanga. Njia nzima nilikuwa nimeandaa tusi la kumwingilia nalo, zuri, la wakwe na michembe, vile viazi vikavu vya kwao. Nilipofika mlangoni nikalitoa. Hakujibu. Alisubiri, kama mtu ambaye hajasikia kitu, vidole vimesimama. Nikaelewa kwamba mtani si mimi tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgeni wangu," akasema. Akanipa kiti, akaniletea maji, akaniuliza habari za safari.